Bomba Namba Nne

Bisha. Nakuruhusu ubishe, wewe uliyesoma mpaka macho yakaomba miwani. Mimi shule niliiaga mapema, tena bado nikiazima kalamu, lakini ninachokusimulia hukipati kwenye daftari lako. Ukifika mwisho bado unacheka, njoo nikununulie soda.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja, kijana wa kutamba, watu wakimwita Domo. Kazi yake ilikuwa kutoboa ardhi kwa mashine na kushusha mabomba membamba mpaka kwenye maji, ili wataalamu wapime kama chini kumeingia sumu. Safari hii walimpeleka kwenye kiwanja kilichowahi kuwa na duka kubwa la dobi, lile la kusafisha suti kwa dawa badala ya maji. Duka lilifungwa zamani, mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Dawa iliyomwagika ilibaki na ardhi.

Na nani kakodi kiwanja? Dada yake Domo, wa tumbo moja, anataka kufungua shule ya chekechea. Kisima kipo uani. Maji yakipimwa yakawa safi, watoto arobaini watayanywa.

"Mdogo wangu, usiniangushe," dada alimwambia. "Kazi nimeacha kwa ajili ya shule hii."

"Dada, mimi nikitoboa, hata ardhi inasema asante."

Alitoboa mabomba matano. Mkuu wake, mkemia waliyembandika jina Mama Chupa kwa jinsi alivyozichunga chupa zake, alimpa kipimo: utepe mrefu wenye kipande cha chuma nchani. Chuma kikigusa maji, kipimo kinalia tiii. Unasoma utepe, unajua maji yako kina gani. Kazi ya kitoto.

Bomba namba nne lilikuwa pale zilipokaa mashine, hatua saba tu kutoka kisimani. Jumatatu kipimo kililia kwenye mita sita. Jumanne, mita nne. Mvua haikunyesha.

"Kijana, umesoma utepe kichwa chini," Mama Chupa alimtania.

"Mama, niliacha shule, sikuacha namba."

Jumatano, mita mbili. Domo akavuta utepe, akakishika kile chuma. Kikavu. Tena kinanukia utamu, kama suti iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi, mahali ambapo suti ya mwisho ilitoka yeye hajaota ndevu.

"Betri imechoka," akasema Mama Chupa, safari hii kwa sauti ya chini, na betri akaibadilisha akiwa amelipa bomba kisogo.

Alhamisi ikawa siku ya kuchota maji ya kupeleka maabara. Jua la utosi, mchana kweupe. Mama Chupa kaenda kununua barafu, kaacha maagizo: kila bomba na chupa yake, maji yaliyolala yamwagwe kwanza, ndipo chupa ijazwe. Domo akaanza na bomba la kwanza, kule getini. Sawa. La pili, la tatu, la tano, sawa. Akalifungua la nne, akashusha kipimo, na kabla chuma hakijazama urefu wa kiganja kikalia, tiii, wala hakikunyamaza, kikaendelea kulia hata alipokitoa na kukining'iniza hewani, na ndani ya lile bomba lisilopitisha ngumi ya mtoto ikaanza sauti ya pasi ya mvuke, pshhh, pshhh, kama mtu anayepumua kupitia nguo mbichi, na ile harufu tamu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya pumzi mbili akasikia neno, karibu sana, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukaa foleni:

"Nichote."

Yule yule wa ardhi inasema asante, akarudi nyuma hatua moja. "Nani?" akanong'ona.

"Nichote. Nitoe."

Mama Chupa aliporudi alimkuta kajifungia garini, chupa tano ziko mapajani, zimejaa, zimeandikwa namba. Domo akamweleza alichosikia. Mama Chupa hakucheka.

"Mimi nilikisikia Jumatano," akasema polepole. "Nikajiambia ni betri."

Chupa zikaenda maabara. Dada naye akaenda kumleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani minene na pochi begani, ungedhani karani wa posta. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akakaa hivyo mpaka dada akachoka kusimama.

"Jini hili halifukuzwi kwa makelele," alisema. "Limefunikwa na uchafu wa watu, limechoka nao. Linataka lichotwe, lipelekwe mbali, uchafu wake uonekane. Hapo litakwenda zake. Mmelichota?"

Dada akamtazama Domo. Mama Chupa akamtazama Domo.

"Nimechota, mama."

"Basi limeshatoka. Zibeni."

Wakaziba kwa saruji. Majibu ya maabara yakarudi: chupa zote tano, safi. Dada alimkumbatia Domo mpaka mbavu zikalia. Shule ikafunguliwa, kisima nacho kikafunguliwa.

Hapo ndipo huwa naishia, watu wanapiga makofi.

Ila kuna kipande huwa nakiruka. Chupa namba nne haikujazwa maji ya bomba namba nne. Ilijazwa ya bomba la kwanza, kule getini ambako maji hayajawahi kuona dawa, kisha ikaandikwa nne kwa mwandiko unaotetemeka. Mwandiko ni wangu. Domo ni mimi.

Jana mtoto wa dada, ana miaka mitano, aliniletea kikombe kwa mikono miwili. "Mjomba, kunywa. Maji ya shule yana sukari." Nikanusa. Harufu ile ile ya pasi. Nikamwambia nimeshiba. Yeye mdomo wake ulikuwa bado umelowa.

Leo nimekuja na nyundo ya kuvunjia saruji na chupa moja tupu. Nimesimama getini kwa dada, namsikia ndani akiwahesabu watoto, na bado sijabisha hodi kumwambia. Kipimo kimo mkobani. Betri niliitoa mwenyewe, iko mfukoni mwangu.

Kinalia.