Moshi Ndani ya Gari la Bibi Harusi

Leonadi wa Mtanda alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli. Miaka ile spea zilipokuwa hazipatikani, aliziba kila kitu kwa mikono yake, na watu walimsifu. Bomba la moshi lilipoliwa na kutu, alilizungushia bati la kopo la maziwa, akalikaza kwa waya. Sasa maduka ya Lindi yalijaa spea. Leonadi aliendelea kuziba.

"Kila nikipanda gari hili kichwa kinaniuma," mkewe, Fortunata, alimwambia.

"Hujazoea gari, mama. Utazoea," Leonadi alijibu akicheka.

Ikafika harusi ya Rosalia, binti wa dada yake. Ilikuwa heshima ya mjomba kumfikisha bibi harusi kanisani Rutamba. Rosalia alikaa mbele. Mama yake, Justa, alipanda nyuma, kwenye bodi la wazi, pamoja na ndugu. Barabara ilikuwa vumbi tupu.

"Funga vioo," Leonadi alisema. "Gauni la mpwa wangu halitaguswa na vumbi."

Baada ya mwendo mrefu Rosalia alisema, "Mjomba, kichwa kinauma. Nasikia kichefuchefu."

"Hofu ya harusi hiyo. Tunakaribia."

Kichwa cha Leonadi mwenyewe kilikuwa kinagonga. Aliongeza mwendo.

Mlangoni pa kanisa Rosalia alishuka, akatapika, akaanguka kwa magoti. Vigelegele vilikatika.

"Makubwa!" alisema mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi. "Mwaka huu tutakula ubwabwa mara mbili. Wa harusi na wa mtoto!"

Watu walicheka. Mama wa bwana harusi alimshika mwanawe mkono. "Deo, ngoja kwanza. Hakuna ndoa mpaka nijue ninachopewa."

Justa alijifunika uso kwa khanga. Leonadi aliangalia viatu vyake.

"Labda amekula kitu kibaya," alisema kwa sauti ndogo.

Biasha, nesi wa zahanati, alikuwa mwalikwa. Alimlaza Rosalia penye upepo, kisha akamwita Leonadi kando.

"Mzee, na wewe kichwa kinakuuma?"

Leonadi alishika paji la uso. "Kinaniuma."

"Na waliokaa nyuma?"

"Wazima."

Biasha aliinama akachungulia chini ya gari. Bati la kopo lilikuwa limeachia. Juu yake, karibu na gia, sakafu ilikuwa na tundu.

"Moshi wa injini una hewa ya sumu," alisema. "Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Ukifunga vioo inajaa ndani. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unatapika, unalala. Wengine hawaamki. Nampeleka zahanati nimwangalie, kwa gari jingine. Niwaambie watu?"

"Hapana. Nitasema mimi."

Leonadi alipanda ngazi ya kanisa.

"Jamani, binti hana kosa. Ni gari langu limemlisha sumu ya moshi. Mke wangu alinionya, nikamcheka. Na mlipokuwa mnamsimanga mtoto wangu, sikumtetea. Nisameheni."

Mama wa Deo aliuachia mkono wa mwanawe. Yule mwanamke wa ubwabwa alijifanya anafunga mtoto mgongoni. Jioni Rosalia alirudi na nafuu, na ndoa ikafungwa.

Wiki ile Leonadi alikwenda dukani kwa Moiz, muuza spea.

"Nataka bomba zima la moshi, na sailensa yake."

"Leo makopo yamekwisha, mzee?" Moiz alimtania.

Leonadi alitoa pesa.

Nyumbani, fundi Bakary alimwonyesha kazi. Waliacha injini ipoe. Waliweka gari mahali tambarare, wakazuia magurudumu kwa mawe, wakaliinua kwa jeki.

"Ngoja!" Bakary alisema. "Jeki huteleza. Weka kwanza magogo imara, ndipo uingie chini. Na vaa miwani, kutu huingia machoni."

Nati zilizoshikana walizilowesha mafuta hadi zikalegea. Walifunga bomba jipya kwa gasketi mpya za kuziba maungio. Kisha, gari likiwa uwanjani, walipaka maji ya sabuni kwenye maungio na kuwasha injini ikiwa bado ya baridi. Povu likitokea, panavuja. Halikutokea. Mwisho walichomelea bati kwenye lile tundu la sakafu.

Mwezi uliofuata Leonadi alimfuata Rosalia Rutamba ili ampeleke kumsalimia mama yake. Alikuwa amefungua vioo vyote. Vumbi liliingia, na yeye hakuthubutu kumtazama mpwa wake.

"Mjomba," Rosalia alisema, "bomba ni jipya?"

"Jipya lote, mwanangu."

Rosalia alishika mpini wa kioo, akauzungusha taratibu, akakifunga.