Hicho Kichwa Kipeleke Kwenu

Picha ya ultrasaundi ya mwanangu niliikuta kwenye grupu la ukoo wa mume wangu.

Kichwa kimezungushiwa duara jekundu. Chini yake, emoji za kucheka.

Aliyeituma? Twalibu. Mume wangu. Mwenye mimba yake.



Mnaonijua hapa Mwembesongo mnajua kwangu hakukosi watu. Umbea nautafuna kama karanga. Ila huu... ulinikwama kooni.

Asubuhi ile daktari alitwambia wote wawili: "Maji yamejaa kwenye ubongo wa mtoto. Ukajifungulie Dar, awekewe mpira wa kuyatoa. Siahidi kitu, ila msichelewe."

Twalibu akaipiga picha skrini. Nikadhani anaweka kumbukumbu, kumbe...

Na huyu ndiye aliyetamba miezi saba: "Mambo ya Kiluguru ya mtoto kuwa wa ukoo wa mama yamepitwa na wakati. Huyu wangu, ataitwa Halidi, jina la marehemu baba."

Mjomba wangu akipiga simu kuulizia mimba, anakatiwa.

Jioni mama mkwe akaingia. Sebule imejaa mashoga zangu. Shikamoo yangu hakuipokea.

"Hidaya, sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Hicho kichwa kipeleke kwenu."

"Na jina la baba lisiguswe," Twalibu akadakia.

Alikuwa anakula ubwabwa nilioupika mimi. Analamba vidole. Vidole vilevile vilivyochora lile duara.

Kinyaa, jamani. Mpaka leo ubwabwa siuli.

Nikampigia mjomba Hatibu. Kesho yake akashuka kutoka Mgeta na fuso la kabichi, matope mpaka magotini.

"Mkwe, jana mlisemaje? Rudia, na hawa mashoga wasikie. Hidaya, rekodi."

Twalibu akarudia maneno ya mama yake, kifua mbele: "Mtoto ni wa ukoo wa mama. Hicho kichwa ni chenu."

"Haya," mjomba akasema. "Tumempokea."

Akanipeleka Dar mwenyewe. Mtoto akatolewa kwa upasuaji, siku ya tano akawekewa mpira. Talaka ikanikuta wodini, kwa meseji. Mjomba akampa mtoto jina la Maneno, maana alitanguliwa na maneno mengi.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Amechelewa kukaa, kusimama bado. Ila mashoga zangu wakianza umbea, anacheka mpaka anapaliwa.

Wiki iliyopita nikaposti video yake akicheka.

Siku ya pili, hodi. Twalibu na mama yake, wamebeba kanzu ndogo ya Idi.

"Tumemfuata Halidi wetu," mama mkwe akasema. "Damu haipotei."

Mjomba alikuwepo, anakunywa chai. Hata kikombe hakukitua.

"Hidaya, weka ile."

Nikabonyeza simu. Sauti ya Twalibu ikajaa sebuleni: "Hicho kichwa ni chenu..."

Maneno akaigeukia simu. Akacheka.

Peke yake. Mama mkwe alitazama viatu vyake, Twalibu akatazama mlango.

Wenye mimba, kapimeni mapema, na mkiambiwa jambo mfuateni daktari, msifuate grupu.

Kanzu waliondoka nayo. Niliipima kwa macho: shingo yake ndogo, isingepita hata masikioni mwa Maneno. Kichwa walikicheka ukoo mzima, na hawakuwahi kukiangalia.