Talaka ya Kuokoa Nyumba

"Sema hunitaki tena. Sema kwa uchungu, Migdalia, jaji asije akacheka."

Radamés alikuwa amekaa jikoni, akimfundisha mkewe namna ya kumwacha.

"Siwezi. Nikikuangalia, ulimi unagoma."

"Basi angalia ukuta!"

Wakacheka wote wawili.

Zamani Radamés alikuwa meya wa mji wao mdogo wa milimani, Puerto Rico. Mahakama ikamtia hatiani kwa kula hongo kwenye zabuni ya kuezeka nyumba zilizobomolewa na kimbunga. Alifungwa, akatoka. Sasa ilikuwa imekuja sheria mpya: kiongozi aliyehukumiwa kwa rushwa anapoteza nafuu zote za kodi, iwe kodi ya pensheni au ya nyumba. Kwa vijisenti vya Migdalia vya kushona magauni, kodi kamili ya nyumba ile wasingeimudu. Radamés akapata wazo: waachane kwa karatasi tu, nyumba iandikwe jina la mke, nafuu ibaki. Kulala watalala pamoja kama kawaida.

"Jaji atauliza sababu," akaendelea. "Mwambie nilikula zile hongo bila wewe kujua. Atakuonea huruma."

"Nimdanganye jaji? Wewe hukula. Walikusingizia."

Radamés akakohoa, akainamisha macho.

"Migda, hayo yamepita."

"Nijibu!"

"Kwani wewe ulidhani nyumba hii ilijengwa kwa mshahara?"

Migdalia akashika ukingo wa meza. Alikuwa amemtetea mtu huyu sokoni, kanisani, kila mahali. Dada yake, Awilda, alipothubutu kusema, "Shemeji ni mwizi," alimfukuza mlangoni. Hawakusemezana tena, hata walipomzika mama yao.

"Mama yangu alikufa kwa nimonia chini ya turubai, Radamés! Akisubiri mabati yako!"

"Nilitaka kumwezekea yeye kwanza," akajibu kwa sauti ndogo. "Nikaogopa watu watasema ni upendeleo."

Migdalia aliingia chumbani, akajifungia.

Siku ya kesi, jaji alivua miwani akamtazama.

"Mama, bado unampenda mumeo?"

"Nampenda, mheshimiwa."

Radamés akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Sasa talaka ya nini?"

"Tulipanga kuja kukudanganya, ili nyumba ibaki na nafuu aliyonyang'anywa. Nyumba siitaki. Akae nayo, ailipie kodi kama majirani zake. Ila talaka naitaka, tena ya kweli. Mapenzi yapo, mheshimiwa. Imani ndiyo imekwisha."

Nje ya chumba cha mahakama, Radamés alimshika mkono.

"Jela nimekaa. Nafuu wamechukua. Na wewe pia, Migda?"

"Jela ulilipa deni la serikali, si langu. Mimi nilikuwa nakuja kukuona, nawe unaniangalia usoni unanidanganya."

"Ningekwambia, ungekuja tena?"

"Ningekuja," akasema. Machozi yakamtoka. "Hicho ndicho kinachoniuma. Ningekuja."

Akautoa mkono wake taratibu, akashuka ngazi, akapiga simu.

"Haloo?"

"Awilda, ni mimi."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ulichosema juu ya Radamés... ilikuwa kweli, dada. Nisamehe."

Upande wa pili akasikia kilio.

"Nilikuwa naomba Mungu niwe nimekosea," Awilda akasema. "Uko wapi? Usiende popote. Nakuja kukuchukua."

Migdalia akakaa kwenye ngazi za mahakama kumsubiri. Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa Radamés:

"Nimefika nyumbani. Sioni dawa yangu ya presha. Huwa unaiweka wapi?"

Akausoma mara nyingi. Kisha akaandika:

"Droo ya cherehani. Kunywa baada ya kula."

Akatuma. Akazima simu, akafunika uso kwa viganja, akalia hadi gari la dada yake lilipopiga honi.