Atafikia kwa Nani?

Kazi yangu ni dirishani, stendi kuu. Ukitaka kwenda Jimbo la Juu, unaniuliza mimi. Jimbo lenyewe ni kubwa, unasafiri siku mbili na bado uko ndani yake, kwa hiyo watu huniuliza mpaka mate yananikauka. Treni Jumanne na Ijumaa, mwisho njia panda. Meli ya ziwani, ikiwa nzima. Ndege ndogo asubuhi. Basi kila siku, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukishafika huko, ni pikipiki au udandie lori la mizigo. Nayasema haya hata usingizini, mume wangu shahidi.

Siku ile, saa kumi na mbili, nilikuwa nafunga orodha ya abiria. Nilikuwa na haraka. Dereva wa zamu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, wenzake wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha, na nilitaka apite milimani kabla ukungu haujashuka.

Ndipo nikasikia harufu. Tope... na breki zilizoungua.

Nikainua macho. Bibi kizee alikuwa mbele ya dirisha, khanga imelowa chepechepe. Mvua hatukuwa tumeiona mwezi mzima.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia.

"Naenda Juu," alinong'ona. "Kuna usafiri gani?"

"Kuna treni, ila mpaka..."

"Nilipanda. Haikufika."

"Haya, meli?"

"Nilipanda. Haikufika."

"Ndege je?"

"Haikufika, mwanangu."

Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini foleni nyuma yake ilikuwa inasonya, nami nikajisemea, maskini, bibi wa watu akili zimeanza kumruka. Nikampa kiti kilichobaki, kile cha mbele, kando ya dereva.

Fomu yetu ina safu mbili za mwisho: "Usafiri" na "Atafikia kwa nani". Ya pili ikiachwa wazi, mkaguzi wa barabarani anazuia gari.

"Utafikia kwa nani, bibi?"

"Sina mtu."

Sasa sisi makarani tuna mchezo wetu. Abiria asiye na mwenyeji tunamjazia ndugu yetu yeyote wa huko, gari liondoke. Mimi huandika mama yangu, anayeishi peke yake kule Juu. Nimeshampelekea wageni wa karatasini chungu nzima, hajawahi kumwona hata mmoja. Nikaandika jina lake, kijiji, nyumba ya tatu baada ya zahanati.

Bibi aliyasoma yote kupitia kioo, polepole. Akatabasamu. Meno yake yalikuwa na udongo.

Basi likaondoka.

Mwenzangu anayetangaza kwa kipaza sauti, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuja saa mbili usiku kuchukua nakala ya orodha. Akaisoma, kisha akainusa; ilinuka tope. Akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Huyu wa mbele umemwandika wewe?"

"Kwani nani mwingine yuko hapa?"

"Alikuwa amelowa?"

Redio akavuta kiti, akanieleza kwa kunong'ona. Zamani basi letu lilitumbukia mtoni. Miili ilizidi orodha kwa mmoja: mwanamke aliyepandishwa bila kuandikwa, kwa hiyo hakuna aliyekuja kumchukua. Tangu hapo, treni ikianguka, meli ikizama, mwili unazidi mmoja. Wakirudi kuhesabu, haupo.

"Lakini hakuna aliyewahi kumwandika," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, niko mteremkoni. Breki zimelegea, sielewi kwa nini. Na huyu bibi anavuja maji..."

"Simamisha!"

"Halisimami, dada! Halisimami!"

Mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Na watu hamsini nyuma yake.

Redio akanitupia kalamu. "Mhamishe! Abiria hafutwi, anahamishwa!"

Ndiyo kanuni yetu. Lakini nimhamishie wapi? Treni ina watu. Meli ina watu. Ndege ina watu. Nikakata "Basi", nikaandika: "Kwa miguu."



Halafu nikasikia breki zinashika, abiria wanapiga kelele, na mdogo wangu anahema.

"Dada... ameshuka."

"Umemfungulia?"

"Mlango umefungwa mpaka sasa."

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Tukakumbatiana na Redio kama watu waliofunga bao dakika ya mwisho. Ile safu ya pili sikuigusa. Jamani, hata sikuikumbuka.

Zimepita siku kumi na tisa. Leo ni Jumatano. Basi limetoka tu kuondoka, simu ikaita. Mama.

"Mgeni wako amefika," alinong'ona. "Maskini, ametembea mpaka kucha zimeng'oka. Nimemwamkia, haitikii."

"Mama, usimfungulie!"

"Ameshaingia, mwanangu. Analijua mpaka jina langu."

Nikaivuta nakala kabatini, nikate jina la mama. Karatasi ilikuwa imelowa, kalamu inateleza, wino haushiki. Redio alinitazama, macho yamemjaa machozi. Sote tunaijua kanuni. Abiria akishafika, orodha imefungwa.

Treni ni keshokutwa. Meli imeharibika. Ndege asubuhi. Basi liko njiani na litafika kesho jioni. Foleni inaniuliza usafiri, na mimi sina wa kunifikisha kwa mama yangu usiku huu.

"Mama, toka. Nenda zahanati, sasa hivi."

"Nimwache mgeni peke yake? Ndivyo nilivyokulea?" Akasita. "Halafu anauliza maswali, kama wale watu wako wa dirishani."

"Maswali gani?"

Nikasikia maji yanadondoka, karibu kabisa na simu. Tap... tap...

"Anasema kesho tunaondoka wawili," mama alinong'ona. "Anataka nichague usafiri."