Namba ya Nyanda

Kipimaubongo kilikuwa kikichora ubongo wa kondoo hewani, kila mshipa kwa rangi yake, mlango wa maabara ulipofunguliwa bila hodi. Mtu mkubwa aliingia ameinamisha kichwa.

"Samahani, dada. Mlango wenu mfupi, au masumbwi yananirefusha?"

Mhandisi Salha Mbwambo hakuwa akimtarajia mtu, lakini uso huo aliujua. Ulikuwa kwenye kila ukuta wa Dodoma wiki hiyo: Gasper Nyanda, bondia wa uzito wa juu, ambaye Jumamosi angepigana na bingwa.

Bingwa mmojawapo, tuseme. Mwaka huo wa 2091 uzito wa juu ulikuwa na mikanda mitano na mabingwa watano, na kwa miaka sita hakuna aliyethubutu kupanda ulingoni na mwenzake. Walitafutiwa watu wengine wa kupigwa.

"Jana nimepotea nikitoka sokoni," Nyanda alisema. "Mtaani kwangu mwenyewe. Hiyo kofia mnayonivisha kila mwezi, inasemaje?"

Salha ndiye aliyeibuni kofia ile, kipimaubongo, ili bondia ambaye ubongo wake uko chini ya alama sitini kwa mia asipigane. Matokeo yalikwenda moja kwa moja kwenye Shirikisho la Ngumi. Yeye alikatazwa kuyatazama. Siku hiyo aliyafungua.

Arobaini na moja.

Akafungua ya wote waliowahi kupewa mabingwa wawapige. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa. Thelathini na nane. Hakuna hata mmoja aliyefika sitini. Shirikisho halikuitumia kofia yake kuwaokoa waliochoka. Liliitumia kuwachagua.

"Arobaini na moja, kaka. Usipigane."

Nyanda alitabasamu kwa haya. "Ukiniambia hapa, kesho nimesahau, na kocha ataniambia niko fiti. Niambie Ijumaa kwenye mizani, mbele ya watu."

"Nitakuambia."

Ijumaa ukumbi ulifurika. Desturi ilikuwa hivi: bondia hupanda mizani, mtangazaji husoma kilo, kisha mhandisi husoma neno ambalo Shirikisho limemwandikia: "Anafaa." Salha alikuwa amelisoma mara thelathini na moja.

"Neno moja tu, binti," Mkurugenzi wa Shirikisho, Lukindo, alimnong'oneza, "halafu tukale."

"Kilo mia moja na kumi na nane!" mtangazaji alinguruma. Watu wakapiga vigelegele.

"Ubongo wake ni arobaini na moja," Salha alisema. "Chini ya sitini hapigani mtu. Na wale wote mliowazomea walipoanguka..."

Kipaza sauti kikakatwa.

"Leseni yako imekwisha leo!" Lukindo alifoka. "Mtoeni!"

Mlinzi alimng'oa Salha kitambulisho shingoni. Juu ya mizani, Nyanda aliendelea kuwapungia mkono mashabiki.

"Amesemaje?" aliuliza. "Dada, umesemaje?"

Salha alijinasua, mkono wa gauni ukachanika, akamfikia.

"Arobaini na moja, kaka. Shuka."

Akashuka.