Taa Chini ya Tepu Nyeusi

Mboje wa Zagayu alikuwa mtu wa mikanda. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine yake ya kusaga, aliupapasa mkanda wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikatika, aliushona kwa ukanda wa ngozi, akaurudisha, na wanawake waliopanga madebe yao wakaendelea kusagiwa. Mkewe, Nyanjige, alijivunia jambo hilo. Ila hakumwambia, maana Mboje akisifiwa huwa hasikii tena la mtu.

Miaka ile watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na kila mwenye gari alipata mizigo. Mboje naye akauza ng'ombe, akanunua pikapu ya dizeli, mtumba kutoka Japani. Hapo ndipo usingizi wa Nyanjige ulipoanza kupungua. Ng'ombe wale walikuwa mahari ya binti yao Monika, na nyumba nzima ilijua kuwa ndio ambao wangemwolea mke kaka yake, Salu. Tena Salu alikwisha kuchumbia. Gari likifa, kijana angekwenda ukweni na nini?

Basi msimu ukiwa umepamba moto, taa nyekundu ikawaka kwenye deshibodi. Mboje aliyatambua maandishi yake. Ilikuwa taa ya mkanda. Akafungua boneti, akauvuta mkanda wa feni, akauona mzima. Akacheka, akasema gari la mtumba hata taa zake ni mtumba. Kisha akachukua tepu nyeusi, akaifunika taa.

Nyanjige hakucheka. Kila gari lilipotoka, aliusikiliza mlio wake mpaka ukapotea, kisha akaendelea kusikiliza. Aliogopa, na tena aliona aibu kuogopa, maana gari lenyewe lilikuwa likienda vizuri.

Siku moja alfajiri walipeleka pamba Bariadi, naye akapanda mbele. Njia nzima macho yake hayakubanduka kwenye ile tepu. Walipokwisha kushusha mzigo, alimwambia mumewe kuwa hapandi tena mpaka fundi aitazame taa. Mboje alinung'unika, lakini alimjua mkewe. Angeweza kweli kurudi Zagayu kwa miguu.

Wakaenda gereji kwa Januarius, fundi wa magari ya dizeli. Januarius aliwaamkia, "Mwangaluka," nao wakaitikia. Alibandua tepu, akatazama, kisha akafungua boneti. Mboje akamwonyesha mkanda wa feni, akasema ameukagua na ni mzima.

"Mzee, mkanda ulioukagua ni wa feni," Januarius alisema. "Taa hii ni ya mkanda mwingine, wa taimingi. Umefichwa ndani, nyuma ya kifuniko hiki."

"Ukikatika nitaushona," Mboje akajibu. "Mikanda ndiyo kazi yangu."

"Huu ukikatika injini ikiwa inazunguka, hakuna cha kushona." Akamgeukia Nyanjige. "Mama, umewahi kutwanga na mwenzako kwenye kinu kimoja?"

"Tangu utoto."

"Mmoja akikosea zamu inakuwaje?"

"Michi inagongana."

"Basi ndani ya injini hii kuna pistoni, na kuna vali. Pistoni ikipanda, vali inapisha. Mkanda wa taimingi ndio unaozipangia zamu. Ukikatika, au ukiruka meno, pistoni inazigonga vali."

Akachukua vali iliyotolewa kwenye gari la mtu mwingine. Ilikuwa imepinda. Mboje akajaribu kuinyoosha kwa mikono yake yenye nguvu, ikakataa. Nyanjige hakuona chuma pale. Aliona ng'ombe wa Salu.

Akauliza kama wamechelewa. Januarius alisema hawezi kujua mpaka afungue. Wakakaa kwenye tairi kuukuu, wakimtazama akifungua.

Kifuniko kilipotoka, mkanda ulionekana umelowa oili iliyovuja, una nyufa, na baadhi ya meno yake yameng'oka. Januarius alipoukunja, jino jingine likadondoka kwenye kiganja cha Nyanjige.

"Tungefika Zagayu?" Mboje aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siwezi kukuapia, mzee."

Ulinunuliwa mkanda mpya. Fundi akaziba palipovuja, akabadilisha pia rola ya kukazia mkanda. Akawaeleza kuwa mkanda wa injini kama ile hubadilishwa kila kilometa laki moja, ila wa injini nyingine hubadilishwa mapema zaidi, kwa hiyo mtu aulize kuhusu gari lake. Anayenunua mtumba asiojua ulikotoka abadilishe mkanda kwanza, ndipo abebe mizigo. Na gari likizima ghafla njiani, asilazimishe kuliwasha wala asilisukume ili liwake. Alivute mpaka kwa fundi.

Mboje aliutundika mkanda ule wa zamani kwenye ukuta wa mashine, karibu na mikanda yake iliyoshonwa. Mwenye gari akija kusaga, anaonyeshwa. "Hii nashona," Mboje humwambia. "Ule haushonwi."

Pikapu ilibeba pamba msimu ule na uliofuata, na kwa faida yake ng'ombe wakarudi zizini. Siku waliposwagwa kwenda ukweni kwa Salu, Nyanjige alifuata nyuma, amekaa mbele kwenye pikapu na mumewe. Aliitazama deshibodi. Hapakuwa na taa iliyowaka, wala hapakuwa na tepu. Kabla hawajafika nusu ya njia, alikuwa amelala fofofo.