Maharagwe Yaliyovuka Ua

Mama mkwe alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa maharagwe yake. Ukiomba chumvi, unapewa. Ukiomba kibiriti, unapewa pamoja na kiti upumzike. Lakini ukiomba punje moja ya maharagwe, anakuangalia kana kwamba umemwomba jino.

Yalikuwa meupe, yenye mshipi mwekundu kiunoni. Nyumbani waliyaita Bibi Harusi. Marehemu mama yake ndiye aliyemwachia mbegu, naye aliyapanda kila msimu nyuma ya nyumba, kando ya ua wa fito.

"Mbegu hii haitoki humu ndani," alisema kila mara.

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa fundi cherehani. Alicheka tu. Nani angebishana na mama?

Msimu mmoja mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Mama mkwe aliogopa kuyaanika nje, majirani wasije wakayaona na kuyaomba. Akayatia yote kwenye debe moja yakiwa na unyevu, akafunika kabisa.

Wakati wa kupanda ulipofika, alifungua debe. Vumbi lilimpanda puani. Fukusi walikuwa wakitembea humo kama wenye nyumba. Punje zilizokosa matundu zilikuwa na ukungu.

"Mama aliniachia kitu kimoja tu," alilia. "Nami nimekiua kwa mikono yangu!"

Fundi cherehani alichambua debe zima. Hakupata hata punje moja nzuri. Alizunguka soko lote, akarudi mikono mitupu. Nani angekuwa nayo, na hakuna aliyewahi kupewa?

Kilio kilikuwa kimefika upande wa pili wa ua. Alikaa huko fundi baiskeli ambaye watu walimwita Pancha. Jioni alibisha hodi, chupa mkononi, uso wa mtu anayepelekwa polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa leo sina hali."

"Mama, mimi ni mwizi."

"Umeiba nini?"

"Maharagwe yako yalitambaa juu ya ua, yakazaa upande wangu. Nikasema, mgeni amekuja mwenyewe, nimfukuze? Tangu hapo nayapanda nyuma ya karakana."

Akainua chupa. Ndani yake Bibi Harusi walijaa hadi shingoni.

Mama mkwe alisimama. Fundi cherehani alijishika mdomo, hajui kama litakuja kofi au shukrani.

"Mwizi mkubwa wewe!" alisema mama mkwe, akamshika Pancha mikono yote miwili. "Mungu akubariki! Lakini mbona yako hayakuliwa?"

Pancha akaketi. Alipenda sana kuulizwa.

"Nachagua mashina yenye afya mapema, yakiwa bado bustanini. Nayafunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Lenye tyubu halichumwi, hata njaa iume vipi. Maganda yakikauka, napura, naanika punje kivulini."

"Utajuaje zimekauka?" aliuliza fundi cherehani.

"Ng'ata moja. Jino likiacha alama, bado. Lisipoacha, tayari. Kisha nachanganya na jivu la kuni lililopoa na kuchekechwa. Najaza chupa mpaka juu, hewa isipate nafasi, nafunga kizibo kwa mpira."

"Kumbe ni hivyo tu!"

"Liko jingine, mama, usinikasirikie. Mbegu yote kukaa nyumba moja ni hatari. Mgawie mwenzako, naye akupe ya kwake. Balaa likikupata, utaikuta kwake."

Kugawa kulimuuma kweli mama mkwe. Alilitazama lile debe, akashusha pumzi.

"Haya. Tupande kwanza. Tukivuna, waite majirani."

Walivuna vizuri. Majirani wakakusanyika karakanani na mbegu zao. Mpishi wa shule alileta nyeusi ndogo. Kinyozi alileta za kahawia zenye madoa. Kila mmoja alieleza yake inavyopandwa na inavyopikwa, wakabadilishana. Mama mkwe aligawa kwa mkono wake mwenyewe, akimwonya kila mtu: "Ukiihifadhi mbichi, nitakufuata mpaka kwako!"

Msimu uliofuata, mafuriko yalipita nyuma ya nyumba. Yalizoa bustani, yakazoa na chupa za mbegu zilizokuwa jikoni. Fundi cherehani aliogopa hata kumtazama mama.

Mama mkwe alijifunga kitambaa kichwani, akachukua sinia, akatoka.

Alibisha kwa mpishi, akapewa. Kwa kinyozi, akapewa. Alipewa hata na watu asiowajua, waliogawiwa na wenzao. Sinia lilijaa, akaazima beseni. Alirudi akipita katikati ya njia, kichwa juu.

"Mama, zote hizi?" alishangaa fundi cherehani.

"Zote! Na nyingine nimeziacha huko huko." Mama mkwe alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Maji yamechukua bustani moja tu. Mimi nina bustani mtaa mzima!"